Kwa Zaituni, Kuhusu Nguzo Tuliyoiondoa

Mwanangu Zaituni,

Ninakuandikia kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha babu yako kule Kondoa, zile zile nilizokufundisha wewe kwa kijiti juu ya majivu ya jikoni. Mume wako Idi hazijui, na hilo halinisikitishi. Sina neno baya juu yake. Ila kuna maneno ya mama na binti yake ambayo hata mkwe mwema hana haja ya kuyasoma.

Humu hutakuta habari za kupika wala za kufua. Hayo unayajua, na mengine unanishinda. Baba yako ameufunga mzigo wako kwa kamba, akaufungua, akaufunga tena, na sasa amekaa barazani anajifanya anaangalia wapita njia. Kesho gari la moshi likifika nitakuwa na vikapu mkononi na machozi usoni, na sitaweza kusema la maana. Ndiyo sababu nasema leo.

Juzi Idi alipokuja kukuchukua alikaa hapa akatueleza habari za chumba. "Tumepata karibu na stesheni ya Tabora, mama. Nyumba ina watu wengi, lakini mwenye nyumba ametuongezea chumba kwa nyuma."

Nikamuuliza, "Ameongeza kwa ruhusa ya nani?"

Akacheka. "Huko hakuna anayeuliza, mama."

Wewe ukanitazama, kisha ukatazama chini. Nilijua umekumbuka, na wewe ulijua kwamba nimekumbuka, na bado hatukusema kitu, kama ambavyo hatujasema kitu tangu siku ile. Wakati ule ulikuwa mtoto wa kubeba kata ya maji, na uliyaona mambo kutoka chini, katikati ya miguu ya watu wazima. Mimi nitakueleza nilivyoyaona mimi.

Baba yako alikuwa akichukua samli na tumbaku kutoka Kondoa kwa miguu, akiuza njiani. Reli ilipokaribia Dodoma aliona kwamba watu wote waliokuwa wakitawanyika njiani sasa watakusanyika mahali pamoja. Akaenda boma, kwenye ofisi ya serikali, akaomba kiwanja, akapewa, hatua chache tu kutoka stesheni ilipokuwa ikijengwa. Ndugu zake walimcheka kwamba anamhamishia mkewe kwenye vumbi. Hakuwajibu. Baba yako si mtu wa kujibu, ni mtu wa kufanya, na akishaanza kufanya hasikii.

Nyumba yenyewe aliijenga Ndahani. Unamkumbuka, Mgogo mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, aliyesema Kiswahili polepole kama mtu anayepita kwenye miiba bila viatu. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kwa ukame, akaja mjini na mkewe kutafuta pa kuanzia. Aliomba apewe chumba cha pembeni badala ya malipo, na baba yako akakubali. Akatujengea tembe kama wanavyojenga kwao: kuta nene za udongo, na ndani safu ya nguzo za mti mgumu wenye panda juu, boriti zimelala kwenye panda hizo, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya yote udongo uliosakafiwa. Ukisimama ndani ulikuwa unajisikia kama umeingia kwenye mlima. Vyumba vitatu na ua mpana katikati. Bwana wa boma alikuja akaitazama, akasema ni sawa.

Kisha reli ikafika, na siku zile zile ikapigwa mbiu sokoni. Akida, yule msimamizi wa mji aliyewekwa na serikali, alisimama juu ya sanduku, kanzu yake nyeupe mpaka unashangaa ameiosha wapi katika mji usio na maji. Akasoma amri ya boma. Katika mji huu hakuna ruhusa kuongeza ukuta, wala mlango, wala paa, wala kuziba ua, mpaka mwenye nyumba aende boma kwanza. Moto usikokwe katika chumba cha kulala. Watu wasirundikane, kwa sababu ya homa ya papasi na kwa sababu ya moto. Atakayevunja amri nyumba yake itabomolewa na yeye mwenyewe atachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano.

Nilipoisikia nilijiuliza jambo moja tu: wanataka nini? Utaniona mtu mbaya, lakini kumbuka nimekulia wapi. Kwetu walikuja siku moja wakahesabu nyumba zetu kwa upole kabisa, wakasalimia wazee, wakasema ni kwa faida yetu. Baada ya hesabu ndipo ikaja kodi, na baada ya kodi wakaja askari. Tangu siku hiyo nikisikia mtu wa serikali anasema jambo ni kwa faida yangu, natazama mikono yake.

Na akida alinipa sababu. Siku chache baada ya mbiu alipita kwetu. Nikamwekea kigoda, hakukaa. Alizunguka ua mikono nyuma, akatazama upande wa stesheni, akasema, "Nyumba hii imekaa mahali pazuri, mama." Basi, akaenda zake. Maneno hayo niliyatafuna mwaka mzima.

Wakati huo mji ulikuwa umefurika. Watu wa reli walikuwa wakilala chini ya magunia na mabati, upepo wa Dodoma unawapiga mchanga usiku kucha. Walikuja kuomba mahali, tukawahurumia. Pia tulipenda walichotuletea, sitakudanganya. Wa kwanza alikuwa Bi Tausi, yule mshonaji wa pwani aliyekushonea gauni la sikukuu. Wa pili alikuwa Kasanda, kijana wa Kinyamwezi aliyelinda kuni za gari la moshi usiku na kulala mchana. Baada ya hao wakaja wengine, mpaka ikawa asubuhi tunasubiriana kupita mlangoni. Kila aliyekuja, baba yako alisimika fito, akakandika udongo, kukawa na chumba. Nusu ya ua ikaezekwa. Nyuma, upande wa boma la miiba, akatoboa kimlango cha siri ili watu waingie na kutoka bila kuonekana barabarani.

Boma hatukwenda. Baba yako alisema tukienda kuomba watakuja kutazama, na wakija kutazama watahesabu. Nilimuunga mkono. Mimi ndiye niliyekufundisha wewe. Nilikuketisha nikakwambia, "Mtu yeyote akikuuliza nani analala humu, sema baba, mama na mimi." Ukaniuliza, "Na Kasanda?" Nikakwambia Kasanda hayupo. Ukasema, "Lakini yupo, mama, amelala." Nikakufinya.

Sasa nguzo. Ile ya katikati ilisimama mahali hasa ambapo tulitaka kupitisha njia ya kwenda vyumba vya nyuma. Kila aliyebeba maji aliigonga. Ndahani alipokwenda Haneti kumsaidia shemeji yake kuvuna, baba yako aliing'oa. Boriti akaiegemeza juu ya ukuta mpya wa fito. Akaupiga ukuta kofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni, akasema, "Umebeba." Na kweli, paa halikutikisika.

Ndahani aliporudi aliingia, akatua mzigo wake, akasimama njiani akitazama juu. Alitazama muda mrefu kama mtu anayesikiliza.

"Mama Zaituni, nguzo ya katikati iko wapi?"

"Imeondolewa."

"Nani ameondoa?"

"Mwenye nyumba," nikasema, na nilisema hivyo makusudi.

Hakukasirika. Akasema, "Ukuta wa fito haubebi paa. Unazuia upepo tu. Mvua ikija, udongo wa juu utakunywa maji uwe mzito."

Nikamwambia mvua bado.

Unajua kwa nini sikumsikiliza? Kabla ya safari yake tulikuwa tumemwambia kwamba tunataka kukigawa chumba chake mara mbili, tumweke mtu mwingine. Hakufurahi. Basi aliponiambia habari ya nguzo mimi nilisikia mtu anayetaka wapangaji waondoke ili abaki na chumba chake. Kisha Bi Tausi akaja kunong'ona huku uzi uko mdomoni: "Yule Mgogo wenu nimemwona na akida. Mara mbili. Wamesimama nyuma ya soko, wanaongea kama ndugu." Hapo moyo wangu ukafunga mlango.

Haukupita muda mrefu wakaja. Mzungu wa boma, mfupi, mwenye fimbo, na askari wawili, na akida. Tulikuwa tumepata fununu asubuhi ile, kwa hiyo wapangaji walikuwa wametoka na mikeka yao, na mimi nilikuwa nimetundika majamvi kuficha milango. Wewe ulisimama karibu na jiko. Akida akainama mpaka uso wake ukafikia wako, akakuuliza kwa sauti laini, "Mjukuu wangu, hapa mnalala watu wangapi?"

Ukasema, "Baba, mama na mimi."

Nilijivuna, Zaituni. Uso wako haukuonyesha kitu.

Lakini mzungu alikuwa hasikilizi maneno. Alikwenda akigonga kuta kwa fimbo, na ukuta wa zamani ulijibu vingine na ukuta mpya vingine. Akalisukuma jamvi. Akasema kwa Kiswahili chake cha amri, "Ukuta hii mpya. Nani alitoa ruhusa?" Akaingia njiani, akatazama juu, na hapo aligeuka kwa haraka akamwita akida. Wakasemezana. Akida akatueleza: kuta zote zilizoongezwa zivunjwe, ua ufunguliwe, na nguzo irudishwe mahali pake na fundi anayejua kazi, kabla ya mvua. Wasipoona hivyo wataibomoa nyumba nzima.

Walipoondoka nilikwenda moja kwa moja chumba cha Ndahani. Mkewe alikuwa anapeta uwele. Nikamwambia Ndahani mbele yake, mbele ya watu wote, kwamba tumempa mahali pa kulala naye ametuuza.

Akaniambia, "Sikusema mimi."

"Na akida mlikuwa mnaongea nini?"

"Aliniuliza mambo yake, nikamjibu." Kisha akasema neno ambalo kama ningelisikia vizuri wakati ule, leo tungekuwa na maisha mengine. "Hata kama ningesema, mama, nguzo haipo."

Nikawafukuza. Mkewe hakumaliza kupeta. Alikusanya uwele na makapi pamoja kwenye kitambaa, wakaondoka kuelekea Chimwaga walikokuwa na jamaa. Wewe uliwasindikiza mpaka kona, nami nikakuita urudi.

Tulikaa tukafikiri, mimi na baba yako, na fikra zetu zilikuwa hizi. Akida anataka kiwanja. Tukivunja vyumba vyote wapangaji watakwenda, nyumba itabaki tupu, atasema hatuitumii, atampa mtu wake. Tusipovunja, watabomoa. Basi tuvunje kidogo, kiasi cha kuonekana. Mtu akisimama mlangoni aone njia nyeupe, aone ua umefunguka, arudi boma aseme wametii.

Ukuta unaoonekana kutoka mlangoni ulikuwa ni ule ule ulioshika boriti.

Baba yako si mjinga. Alijua ni lazima kuweka kitu chini. Lakini fundi anayejua kazi tulikuwa tumemfukuza, na kumwita mwingine ni kumwingiza mtu mwingine ndani aone. Akasimika nguzo mwenyewe, mti mwembamba aliouokota kwenye mabaki ya reli, kwenye shimo lisilofika kiwiko. Ukuta tukauvunja. Tukafagia. Akida alipita, akachungulia kutoka barabarani, akasema, "Vizuri." Nikacheka moyoni kwamba tumewashinda.

Mvua zikaanza. Unakumbuka harufu ile ya vumbi likilowana, watu wametoka nje kushukuru. Mvua ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilinyesha tangu asubuhi. Wapangaji wengi walikuwa kazini, Bi Tausi alikuwa sokoni, baba yako stesheni. Mimi na wewe tulikuwa barazani tukikinga maji kwenye vyungu. Nikasikia mlio kama kitambaa kinachopasuliwa polepole. Nikakuvuta. Nyumba nzima ikashusha pumzi, na katikati yake pakawa hakuna kitu, ni vumbi linalopanda kwenye mvua.

Watu wakaja mbio. Akida alikuwa ofisini kwake pale karibu, alifika na askari mmoja, kanzu imeshikwa juu ya magoti. Akanikamata mabega.

"Kuna mtu ndani?"

Nikamwambia, "Hakuna. Tunakaa sisi tu."

Hayo ndiyo maneno yangu, na wewe uliyasikia. Watu walioniuliza baadaye niliwaambia nilichanganyikiwa, kwamba mtu aliyepatwa na jambo kama lile hajui asemalo. Si kweli. Nilijua. Nilimwona akida, nikasikia swali ambalo nilikuwa nimejiandaa kulijibu kwa miezi, na jibu likatoka lenyewe. Kichwani nilikuwa nawaza: anataka kuhesabu. Nyumba iko chini, mimi nawaza anataka kuhesabu.

Ukasema, "Mama, Kasanda yumo."

Nikakubana mkono. Nilikubana kwa nguvu zangu zote, Zaituni, mpaka alama ikabaki. Ulinitazama, kisha ukamgeukia akida, mtu niliyekufundisha kumdanganya, ukamwambia kwa sauti ya kawaida, "Analala mchana. Chumba cha mwisho. Kuna mlango nyuma kwenye miiba."

Akida alivua kanzu akabaki na shuka ya ndani, akazunguka nyuma na yule askari, wakaiondoa miiba kwa mikono mitupu. Watu wa reli wakaja na sururu. Baba yako akafika akiwa amepoteza kofia, akachimba akilia. Walimtoa Kasanda kabla ya alasiri. Boriti ilikuwa imemwangukia mguuni, na pembe ya ukuta wa zamani, ule wa Ndahani, ilikuwa imesimama ikamwachia nafasi ya kuvuta hewa. Akida alikuwa ameshika kichwa chake mapajani, udongo umemjaa masikioni, anamwambia, "Pumua, mwanangu, pumua."

Siku ya pili yake baba yako aliitwa boma akachapwa hamsa ishirini. Hukuambiwa. Tulikwambia amekwenda Kondoa kumwona babu, naye alikuwa amelala kifudifudi kwa jirani mpaka aweze kuvaa kanzu. Kasanda mguu ulipona kwa kupinda, akarudi kwao Unyanyembe, huko huko upande wa Tabora. Ukifika Tabora mtafute. Usimpelekee salamu zangu kama hataki, lakini yeye anakujua wewe.

Na sasa sikiliza hili vizuri, maana hapa ndipo watu husimulia vibaya. Mwisho wa mvua kiwanja chetu alipewa shemeji yake akida, mfanyabiashara. Duka lake liko pale mpaka leo, unapita mbele yake kila siku. Sikukosea, Zaituni. Aliitaka nyumba yetu tangu siku ile aliyokataa kigoda. Mtu yule yule aliyechimba kwa kucha zake.

Nimeligeuza jambo hilo miaka hii yote. Zamani nilidhani watu ni wa aina mbili, wa kuaminiwa na wasioaminika, na kazi ya mwanamke mwenye akili ni kuwatenganisha kama pumba na nafaka. Nikimshuku mtu, kila neno lake nililitupa. Kumbe mtu mwenye nia mbaya anaweza kukuambia neno la kweli. Akida alitaka kiwanja, na nguzo haikuwepo. Yote mawili yalikuwa kweli siku moja. Mimi nilijishughulisha na la kwanza mpaka sikuinua kichwa kutazama la pili, na paa lilikuwa juu yangu kila nilipolala.

Sikuambii uache kushuku. Mimi mwenyewe sijaacha, na ulimwengu huu wa maboma na amri si wa mtu anayeamini upesi. Ukifika Tabora umshuku mwenye nyumba. Umshuku anayekuja kumkagua. Mshuku hata jirani anayekuletea habari za jirani mwingine kabla hujamaliza kufungua mzigo. Lakini ukimaliza kumshuku msemaji, nenda ukatazame alichokisema. Kigonge. Kisukume. Uliza ukuta ule umebeba nini. Na ukigundua ni kweli, usione aibu kutii kwa sababu tu mtu usiyempenda ndiye aliyekuamuru.

Kuhusu Ndahani. Miezi ilipita, nikaenda Chimwaga. Mkewe aliniona kwa mbali akaendelea na kazi. Nikasema "Mbukwenyi" kama wanavyosalimiana, akaitikia, akanipa maji. Ndahani alikuwa anafunga zizi, siku hizi ana mbuzi wachache. Nikamweleza kila kitu, paa, Kasanda, viboko alivyochapwa baba yako. Alisikiliza bila kuacha kazi. Mwishoni akaniuliza, "Bado unataka kujua kama nilisema?"

Nikajibu ukweli. "Nataka."

"Basi hujaja bado," akasema. Akaingia zizini.

Nilirudi nimekasirika. Njia nzima nikamwona mtu mwenye kiburi. Zaidi ya mwezi ulipita ndipo nikaenda tena, na safari hiyo sikuuliza. Nilikaa na mkewe nikapeta naye uwele mpaka jua likapungua, tukala ugali na mlenda, nikaaga. Kabla ya masika alikuja hapa mjini mwenyewe, hajaitwa, akatazama tulivyokuwa tumejibanza kwa jirani, akamwambia baba yako, "Tafuta miti." Nguzo za nyumba hii utakayoiacha kesho alizisimika yeye. Baba yako alikwenda boma kuomba ruhusa kwanza, akangojeshwa siku nyingi juani, akapata.

Nani alisema boma, mpaka leo sijui. Akida aliwahi kuniambia kwamba alimwita Ndahani amtafutie nguzo za banda la soko, hakuna zaidi. Labda ni kweli, labda alitaka kunifunga mdomo. Bi Tausi naye alikuwa na ulimi mrefu. Na siku moja nilisimama juu ya tuta la reli nikaona kwamba mapaa yetu yote yanaonekana kutoka pale, udongo mpya una rangi nyingine, hata mtoto angejua nani ameongeza nini. Huenda hakuna aliyesema. Nilimfukuza mtu na mkewe, na huenda hakuna aliyesema.

Mwanangu, kuna jambo moja ambalo mama hapaswi kumwomba mtoto, nami ninaliomba. Nilikulea niwe mimi ninayekuonyesha kweli na uongo, na siku ile katika mvua ulinipita. Sikukushukuru. Jioni yake nilikukanda mkono kwa mafuta ya nyonyo bila kukutazama usoni, nawe hukuuliza kwa nini. Nilidhani ukikua utasahau. Juzi Idi alipotaja kile chumba nikaona hujasahau, na nikafurahi, ingawa ilinichoma.

Baba yako anakusalimu, ameingia sasa hivi kuuliza kama mzigo umefungwa vizuri. Nimemwambia umefungwa.

Utaishi na watu wengi, na utakuwa na sababu nyingi za kukaa kimya. Nyingine zitakuwa nzuri. Ukipata wakati, niandikie kwa herufi hizi hizi, hata mistari miwili. Na ikitokea siku nimekuja kwako, nimezeeka na hofu zangu, mtu akapiga hodi akauliza kuna nani ndani, nami nikakubana mkono ili unyamaze, usininyamazie. Mwambie aliyemo.

Ni mimi mama yako,
Hawa